Kirefu, kizito au cha kina: kuchagua neno la Kiswahili mahali pa "deep" ya Kiingereza

Mtu anayetafsiri kutoka Kiingereza hukutana na neno "deep" mara nyingi kuliko anavyotarajia, na kwa kuwa jibu la haraka alilonalo kichwani ni "kina", hulichukua na kulipachika kila neno hilo linapotokea. Hivyo ndivyo tunavyopata "usingizi wa kina", "sauti ya kina", "rangi ya kina" na "huzuni ya kina", maneno ambayo msomaji huyaelewa baada ya kusita kidogo, kwa kubahatisha Kiingereza kilichojificha nyuma yake. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika "vuta pumzi ya kina" katika maelezo ya mazoezi ya mwili, na mhariri akaniandikia pembeni mwa karatasi maneno mawili tu: "Mita ngapi?"

Swali lile lilikuwa la kejeli, lakini ndilo kipimo cha kwanza ninachokitumia hadi leo. Ikiwa kitu kinachozungumziwa kinaweza kushushiwa kamba na kupatiwa idadi ya mita, tuko katika maana halisi, na Kiswahili kina maneno yake ya kazi hiyo. Ikiwa kamba haina pa kushukia, tuko katika maana ya kitamathali, na hapo neno la kuchagua hutegemea zaidi jina linalosifiwa kuliko kivumishi cha Kiingereza. Kwa Kiingereza maana hizo mbili zimeishi katika nyumba moja tangu zamani: katika Kiingereza cha Kale neno lilikuwa "dēop", ndugu wa "tief" ya Kijerumani na "diep" ya Kiholanzi, na tayari lilitumika kwa maji na vilevile kwa mambo mazito yasiyofikiwa na akili kirahisi. Baadaye Kiingereza kiliazima "profound", lenye asili ya Kilatini "profundus", ambalo ndani yake mna "fundus", yaani sehemu ya chini kabisa ya kitu. Neno hilo la kuazima likaelemea upande wa fikra na hisia, ilhali "deep" iliendelea kushika pande zote mbili bila kuachia hata moja.

Pale ambapo kamba inashuka

Katika maana halisi, washindani wakuu ni watatu: kivumishi -refu, jina kina, na kivumishi -ingi, ambacho wanafunzi wa tafsiri hukisahau kabisa.

Kivumishi -refu hakijali mwelekeo. Mti mrefu umekwenda juu, kamba ndefu imelala chini, na kisima kirefu kimeshuka ardhini, na hakuna msikilizaji anayechanganyikiwa. Kilatini kilikuwa na tabia inayokaribiana na hiyo, kwa maana "altus" ilisema juu ya kilicho mbali kwenda juu na kilicho mbali kwenda chini, kulingana na mahali msemaji aliposimama. Kwa hiyo mtu anayedai kwamba "kisima kirefu" ni Kiswahili pungufu, na kwamba ni lazima kusema "kisima chenye kina kirefu", anaidai lugha deni isiyodaiwa. Shimo la utafiti lililochimbwa katika rasi ya Kola huko Urusi, ambalo mwaka 1989 lilifika mita 12,262, lina upana wa sentimita 23 hivi. Kitu chembamba namna hiyo, kinachoshuka wima, hakina urefu mwingine wa kushindana na ule wa kwenda chini, na "shimo refu" linatosha kabisa.

Uhuru huo wa -refu hugeuka kuwa tatizo pale kitu kinapokuwa na vipimo viwili vinavyoweza kuitwa urefu. Mto mrefu ni mto unaosafiri mbali kutoka chanzo hadi mdomo, na anayetaka kusema habari za maji yaliyo chini ya mtumbwi wake hana budi kusema "mto wenye kina kirefu". Bonde, mtaro na handaki vina utata huohuo. Jeraha ndilo mfano ninaoutilia mkazo zaidi, kwa sababu kosa lake si la mapambo ya lugha: "jeraha refu la sentimita nne" humfanya msomaji aone mchano wa sentimita nne juu ya ngozi, wakati maandishi ya awali huenda yalisema kwamba kitu chenye ncha kimezama sentimita nne mwilini, jambo ambalo ni hatari ya namna nyingine kabisa. Hapo andika "jeraha lililoingia ndani sentimita nne", wala usiogope kwamba kivumishi kimoja kimegeuka kuwa kishazi kizima.

Jina kina ndilo la kuchagua penye tarakimu na penye sayansi. Ziwa Baikal lina kina cha mita 1,642, na ndilo lenye kina kirefu kuliko maziwa yote duniani. Sehemu ya chini kabisa ya bahari inayojulikana, Challenger Deep katika Mfereji wa Mariana, iko karibu kilomita 11 chini ya uso wa maji, na Jacques Piccard pamoja na Don Walsh walifika huko mwaka 1960. Jina la mahali hapo, hata hivyo, halihitaji "kina", kwa kuwa "deep" hapo ni nomino inayotaja mahali, na nomino hiyo Kiswahili tunayo tangu enzi za mabaharia wetu: kilindi. Bandari ya Kilindini ilipewa jina lake kwa sababu hiyohiyo.

Ama kivumishi -ingi, hicho ndicho cha mazungumzo. Anayemwonya mtoto asiende mbali na ufuko hamwambii kwamba maji yana kina. Humwambia kwamba maji ni mengi, au humpimia kwa mwili wake, akasema hapa ni maji ya magoti, pale ni ya kiuno, na kule ni ya shingo. Methali nayo imechagua hivyo: maji usiyoyafika hujui wingi wake. Anayetafsiri hadithi, ambamo mhusika anaogopa kuvuka mto, atapata uhai zaidi katika "maji ni mengi" kuliko katika "maji yana kina kirefu", ambayo yatamfanya mhusika azungumze kama ripoti ya mhandisi. Kinyume chake, ripoti ya mhandisi isiseme "maji mengi", kwa sababu msomaji wake ataelewa ujazo.

Kuna vipimo vingine vya maana halisi ambavyo haviendi chini kamwe, na hivi nitavipita upesi. Kabati linaloitwa "deep" kwa Kiingereza ni lile linaloingia ndani sana kuelekea ukutani, kwa hiyo "kabati linaloingia ndani sentimita 60" ni bora kuliko "kabati lenye kina". Aliye katikati ya msitu mkubwa yuko "ndani kabisa ya msitu". Watu waliopangwa nyuma ya wenzao wako "safu tatu". Anga ambamo vyombo vya utafiti hupotelea huitwa "anga za mbali", kwa kuwa huko hakuna juu wala chini.

Pale ambapo kamba haina pa kushukia

Katika maana ya kitamathali, njia ninayoiamini kuliko zote ni kutafuta kinyume kabla ya kutafuta neno lenyewe. Kiingereza hakina kinyume kimoja cha "deep". Kinyume cha maji hayo ni maji haba. Kinyume cha usingizi huo ni usingizi mwepesi. Kinyume cha sauti hiyo ni sauti ya juu. Kinyume cha rangi hiyo ni rangi iliyopauka. Kinyume cha uelewa huo ni uelewa wa juujuu. Vinyume vitano vinatuambia kwamba tuna maneno matano yaliyovaa kanzu moja, na kazi ya mtafsiri ni kulivua kila moja kanzu hiyo na kulitazama.

Usingizi ukiwa na kinyume cha wepesi, basi wenyewe ni mzito, na ndivyo Kiswahili kilivyosema siku zote. Wanasayansi wa usingizi hutambua hatua ambayo mawimbi ya umeme wa ubongo huwa makubwa na ya polepole na mlalaji huwa mgumu kuamka kuliko wakati mwingine wowote. "Usingizi mzito" unaieleza hali hiyo bila msaada wa kamba wala mita. Sauti nayo ni nzito, na kwa bahati njema fizikia inatuunga mkono, kwa sababu nyuzi za sauti zilizo nene na ndefu hutetemeka polepole kuliko zile nyembamba, ndiyo maana watu husema pia "sauti nyembamba" kwa ile iliyo kinyume. Rangi haina uzito wala kina: imekolea au imekoza, kitenzi cha kwanza kikiwa ni kilekile tunachokitumia kwa chumvi iliyofikia kiwango chake, na hiyo ni picha sahihi kuliko ya Kiingereza, maana rangi hiyo kweli ni suala la wingi wa dawa ndani ya kitambaa. Pumzi, ile iliyoniaibisha, ni ndefu. Usiku uliokwisha kwenda mbali ni usiku wa manane, au usiku mkuu kwa mwenye kupenda lugha ya zamani.

Hisia zinahitaji swali la ziada, nalo ni hili: je, mwandishi anasifu ukubwa wa hisia au ukweli wake? Anayetoa rambirambi kwa Kiingereza huitumia "deep" kwa huzuni na kwa shukrani bila kubadilisha chochote, lakini Kiswahili hutenganisha. Huzuni hupimwa kwa ukubwa au uzito, ndiyo maana tunasema "huzuni kubwa", "majonzi mazito" na "masikitiko makubwa", kwa sababu hakuna anayeshuku kwamba mfiwa anahuzunika kweli. Shukrani, ambazo zinaweza kutolewa kwa adabu tu bila moyo kuhusika, hupimwa kwa ukweli, na hapo ni "shukrani za dhati". Mapenzi husimama katikati: "mapenzi ya dhati" ni ya mtu asiyedanganya, ilhali "amezama katika penzi" ni ya mtu aliyepoteza nchi kavu, na maandishi ya Kiingereza yanaweza kuwa na maana mojawapo kati ya hizo, kwa hiyo soma sentensi zinazotangulia kabla ya kuamua. Na kama ni lazima hisia ipewe mahali, Kiswahili kinajua kwamba moyo una sakafu yake na uvungu wake, na neno linaweza kutoka huko bila kuomba ruhusa kwa "kina".

Binadamu mwenyewe akisifiwa kwa neno hili, maana hugawanyika tena. Mtu anayefikiri sana ana fikra pevu, kana kwamba mawazo ni tunda lililokomaa. Mtu anayejua fani yake kwa miaka mingi amebobea. Mtu anayeficha yaliyo moyoni ni msiri, au hasomeki. Kumwita yeyote kati ya hao "mtu wa kina" ni kumwachia msomaji kazi ambayo mtafsiri alilipwa kuifanya.

Tafsiri moja, majibu matano

Anayeona kwamba ninazidisha ugumu na atazame kazi iliyokwisha kufanyika. Biblia ya Kiingereza ya King James, ya mwaka 1611, inatumia "deep" katika mistari mingi, na Biblia ya Kiswahili ya Union Version, ya mwaka 1952, inaijibu kwa maneno tofauti kila mara. Katika Yohana 4:11, mwanamke Msamaria anasema kisima ni kirefu. Katika Luka 5:4, wavuvi wanaambiwa watweke mpaka kilindini. Katika Mwanzo 2:21, Adamu analetewa usingizi mzito. Katika 1 Wakorintho 2:10, Roho huchunguza hata mafumbo ya Mungu. Katika 2 Wakorintho 8:2, umaskini wa waumini ni umaskini uliokuwa mwingi. Kirefu, kilindi, kizito, fumbo, kingi. Katika mistari hiyo mitano, neno kina halikuitwa hata mara moja.

Jambo hilo lina uzito zaidi tukikumbuka kwamba mistari minne ya Agano Jipya inatokana na maneno ya Kigiriki yenye mzizi mmoja, kwa hiyo watafsiri wangeweza kabisa kujitetea kwamba wanalinda umoja wa neno la awali. Hawakufanya hivyo. Waliuliza kila mara ni sifa gani ya kina inayoazimwa: kwa kisima ni umbali, kwa bahari ni mahali, kwa umaskini ni wingi, na kwa mambo ya Mungu ni kufichika. Uamuzi wa "mafumbo" ndio ninaoustahi kuliko yote, kwa sababu umeacha picha ya maji kabisa na kuchukua picha nyingine iliyozoeleka kwa wasemaji, na maana haikupungua. Kuhusu usingizi wa Adamu, Kiebrania chenyewe kina jina moja tu, "tardemah", lisilo na kivumishi chochote cha kina pembeni yake. Ni Kiingereza kilichoongeza maji, na Kiswahili kikaongeza mzigo.

Pale ambapo "kina" inastahili kubaki

Isidhaniwe kwamba ninataka kulifukuza neno kina kutoka katika maana ya kitamathali. "Uchunguzi wa kina", "mjadala wa kina" na "maelezo ya kina" yamekwisha kukomaa, na sababu ya kukomaa kwake inaonekana: kazi hizo tatu ni za kuchimba, na anayechimba hushuka tabaka kwa tabaka, kwa hiyo picha ya umbali wa kwenda chini haijapotea. Kinyume chake pia kipo na kinakubalika, yaani uchunguzi wa juujuu. Mshindani wake ni "kwa undani", na kati ya hayo mawili mimi huchagua "wa kina" kwa kazi yenyewe na "kwa undani" kwa namna ya kuifanya: ripoti ya kina, lakini eleza kwa undani. Kanuni ninayoifuata ni kwamba "kina" hukubalika kwa tendo la akili linaloweza kusimamishwa nusu ya njia. Uchunguzi unaweza kuishia juu. Huzuni haiishii juu, humfika mtu au haimfiki.

Istilahi za kompyuta zinahitaji tahadhari ya peke yake. "Ujifunzaji wa kina", neno linalotumika kwa tawi mojawapo la akili mnemba, husomwa na wengi kana kwamba mashine imepata hekima, wakati "deep" ya hapo iko karibu zaidi na maana halisi kuliko ya kitamathali: inahesabu tabaka ambazo taarifa hupitia ndani ya mtandao wa neva bandia, yaani programu inayojifunza kwa mifano, si intaneti. Mtandao wa AlexNet wa mwaka 2012 ulikuwa na tabaka 8 zinazojifunza, na ResNet wa mwaka 2015 ulifika tabaka 152. Idadi hizo zinajibu swali la mhariri wangu kwa njia yao, si kwa mita bali kwa tabaka, kwa hiyo "kina" ni chaguo sahihi, mradi mwandishi aeleze mara moja kwamba kina hicho ni cha tabaka na si cha busara.

Lipo pia tatizo dogo ambalo Kiingereza hakilijui. Kina, katika ushairi, ni ile silabi inayorudiwa katika mishororo, na wingi wake ni vina. Vilevile kuna kina wa "kina mama", na kuna "kina" inayomilikisha majina ya ngeli ya ki-vi. Ukiandika kwamba shairi fulani "lina kina", nusu ya wasomaji watasubiri mizani. Methali "kimya kingi kina mshindo mkuu", ambayo hufaa kabisa pale Waingereza wanaposema "still waters run deep", yaani maji yaliyotulia yana kina, ina herufi zilezile nne lakini haina tone la maji, na nimewahi kuona mtu akiitolea ushahidi wa kina cha fikra.

Pale ambapo mwandishi anataka yote mawili

Ugumu wa mwisho ni sentensi inayoziweka maana zote mbili mahali pamoja kwa makusudi, kama vile mhusika anayesimama ufukweni na kusema kwamba yuko ndani sana, akimaanisha maji na madeni yake kwa wakati mmoja. Hapa kuchagua -refu ni kupoteza madeni, na kuchagua -kubwa ni kupoteza maji. Nafuu iko katika vitenzi na majina ambayo Kiswahili chenyewe kiliyatoa majini au matopeni na kuyaleta katika maisha ya watu: kuzama, kudidimia, kutopea, na lindi, ambalo ni shimo refu kwa mchimbaji na bado ni lindi la umaskini au lindi la mawazo kwa mwandishi. "Ametopea katika madeni" bado ina matope miguuni. "Maji yamemfika shingoni" humfaa aliye baharini na aliye mahakamani.

Jozi nyingine ya namna hiyo ni ile ya vipimo. Kiingereza kina "fathom", urefu wa mikono iliyonyooshwa, uliowekwa kuwa futi sita, na kutokana na kipimo hicho cha mabaharia kikapata kitenzi cha kuelewa jambo hadi mwisho wake. Kiswahili kina pima, kipimo kilekile cha mikono miwili, na kupima, ambako twaweza kupima maji, kupima maneno na kupima tabia ya mtu. Mwandishi wa Kiingereza akichezea neno lake, mtafsiri anaweza kuchezea letu, na "jambo lisilopimika" litabeba bahari na akili pamoja.

Zaburi ya 130 inaanza na mtu anayelia kutoka mahali ambapo hatujui kama ni chini ya maji au chini ya dhiki, na Kiingereza cha 1611 kimemwacha katika "depths". Union Version haikumwambia msomaji achague. Iliandika: "Ee Bwana, toka vilindini nimekulilia."